Ukinunua gundi, usiulize inashika dakika ngapi

Mwezi uliopita mkono wa jagi la mama ulikatika. Muuzaji akaniambia, "Chukua hii dada, dakika tano tu imeshika." Kweli ilishika. Nusu saa baadaye nikajaza maji, nikanyanyua, mkono ukabaki kiganjani na jagi likaenda sakafuni. Nikaokota kipande: pembeni gundi imekauka, katikati bado mbichi, ukucha unazama.

Rangi na ukubwa wa mrija utajionea mwenyewe. Mimi nataka ujue kwamba kushika siyo kukomaa. Zege tunalimwagilia maji siku 7 ingawa kwa macho lilikauka siku ya kwanza. Gundi ya kuchanganya nayo ni hivyohivyo: ndani inaendelea kufungamana saa nyingi baada ya juu kuwa kavu. Ukiibebesha mzigo mapema, inaachia. Muda huo huandikwa nyuma ya pakiti, herufi ndogo kama chawa. Usome kabla hujalipa.

Namba moja kwangu ni Araldite ya kawaida, ya mirija miwili, ile inayochelewa. Sifichi, naipenda. Unapata zaidi ya saa nzima ya kupanga vipande, kisha unafunga kwa mpira na kuacha hadi kesho muda kama huo. Changanya sawa kwa sawa. Hadena, yaani ule mrija wa kugandisha, ikizidi haiharakishi kitu, inaharibu mshiko. Joto huisaidia: ukianika juani hukomaa upesi na hushika zaidi. Walio Njombe mwezi wa saba wangoje siku mbili, maana chini ya nyuzi 10 kazi karibu inasimama. Lakini ikikomaa bila kupashwa moto, usiiamini kwenye kikombe cha chai ya moto, italainika.

Ya pili ni Araldite Rapid, ile inayoshika upesi, kwa vitu vyepesi. Mbao zina gundi yake nyeupe ya seremala, ibane usiku kucha. Supagluu hukomaa kwa unyevu wa hewa, inakuwa ngumu lakini kishindo kimoja inakatika.

Wauzaji sasa wamezidi. Mirija inaning'inia kibarazani juani miezi na miezi. Nilirudi kuuliza tarehe ya mwisho wa matumizi, nikajibiwa gundi haiozi. Tarehe ilikuwa imefunikwa na stika ya bei, na bei yenyewe mara mbili ya duka la jirani. Nikaibandua palepale kwa kucha. Ilikwisha tangu mwaka jana.