Siku mbili Kimbiji: ukili nimeupata, jiko limepasuka

Mteja wangu mmoja aliniletea mkoba wa ukili, ule utepe mrefu wa majani yaliyosukwa, nimtilie bitana na zipu. Alikuwa ameununua Masaki kwa shilingi 120,000. Akaniuliza, "Dada, huu ni ukindu au miyaa?" Mimi, mtoto wa Kindengereko, niliyelala utoto mzima juu ya mikeka ya bibi yangu, sikuwa na jibu. Ndiyo maana nilipoona tangazo la mafunzo ya siku mbili ya maisha ya shamba na ufundi wa asili kule Kimbiji, nililipa 85,000 bila kuomba punguzo. Na mimi huwa naomba punguzo hata la vifungo.

Waandaaji ni vijana wa mjini wenye shamba huko. Jina lao silitaji, maana nina la kuwasifu na la kuwalaumu, na baadhi yao wanajuana na wateja wangu. Tangazo lilisema saa mbili asubuhi. Nikatoka Ilala alfajiri, nikapanda pantoni Magogoni kwa shilingi 200 zangu, halafu daladala, halafu bodaboda kwenye mchanga. Nikafika saa mbili kasoro. Somo lilianza saa nne na nusu, tukimsubiri mpiga picha.

Lakini alipokaa Bibi, hasira zote ziliisha. Ni mama mtu mzima wa hapo kijijini, sote kumi na nne tulimwita Bibi tu. Tulipomaliza kumpa shikamoo akatazama mikono yetu mmoja mmoja kama anayechagua samaki. "Wewe unafanya kazi gani?" Nikamwambia nashona. "Basi tutaona."

Swali la mteja wangu lilijibiwa katika dakika tano za mwanzo. Ukindu ni wa mkindu: jani jembamba, laini, linalokubali rangi vizuri likichemshwa nayo, ndiyo mikeka ile ya kutandika wageni. Miyaa ni ya mkoma: pana, ngumu, kazi yake makapu na majamvi. Linalotumika ni jani changa lisilofunguka bado, linaanikwa mpaka linakuwa jeupe. Bibi alisisitiza usikate machipukizi yote ya mti mmoja, maana mti ukifa utasuka nywele. Mkoba wa Masaki ulikuwa miyaa, kwa hiyo mteja wangu ameuziwa kapu.

Tulianza na chane saba, yaani vipande vyembamba vya jani lililochanwa. Moja juu, moja chini, ukifika ukingoni unakunja unarudi. Ukitazama mikono ya Bibi unadhani ni mchezo. Tatizo ni kuunga: chane ikikaribia kwisha unaingiza mpya chini yake, ncha zinabaki upande wa nyuma, utazikata baadaye. Mimi nilikuwa nazivuta mno, ukili wangu ukawa unajikunja kama nyoka aliyekanyagwa. "Fundi cherehani, mbona mkono mzito hivyo? Hii si jinzi, mwanangu." Akanifumulia pima nzima. Nzima! Nilikaribia kulia, lakini alikuwa na haki, maana ukili usiolingana upana hauwezi kushonwa mkeka. Na kweli jioni, tulipofika kwenye kuunganisha ukili ukingo kwa ukingo kwa sindano kubwa, na uzi wa miyaa hiyo hiyo, ndipo nikapumua. Hapo nilikuwa nyumbani. Bibi akapitisha kidole kwenye mshono wangu, akaguna, hakusema kitu. Nimechukulia ni sifa.

Siku ya pili ilikuwa ya "nishati". Mwalimu ni mmoja wa waandaaji, kijana mchangamfu mwenye maneno mengi. Tukakanyaga udongo wa kichuguu na nyasi na majivu, tukajenga jiko banifu, tukapendeza matope mpaka magotini. Kisha, kwa ajili ya video, akaliwasha saa ile ile. Jiko la udongo mbichi! Mama mmoja wa hapo kijijini alimwambia kwa upole, "Mwanangu, liache likauke kwanza, hata wiki mbili." Akasema moto mdogo hauna neno. Likapasuka mdomoni, pwaa, kabla maji hayajapata hata joto. Na hata lingepona, sisi wapangaji wa vyumba vyenye vigae tungelijenga wapi?

Lililonifaa ni mkaa wa chenga. Zile chenga zinazobaki chini ya gunia unazichekecha, unachanganya na uji mzito wa unga wa muhogo, unafinyanga, unaanika siku tatu nne juani. Nimejaribu nyumbani. Unachelewa kushika na hauna moto mkali, chapati utazichukia, ila maharage yanaiva taratibu bila kuongeza mkaa.

Chakula kilikuwa kizuri: wali wa nazi, mchicha, samaki wa kukaanga. Maji tuliletewa katika chupa ndogo za plastiki, katoni nne, kwenye mafunzo ya kutunza mazingira, na madafu yananing'inia juu ya vichwa vyetu. Niliuliza, nikaambiwa dafu lina gharama ya mkweaji.

Gharama ndiyo iliyonikera zaidi. Nilimuuliza Bibi pembeni analipwa kiasi gani. Kiasi chenyewe siandiki, lakini watu kumi na nne mara 85,000 ni shilingi 1,190,000, na alichopata yeye hakifiki ada ya mtu mmoja. Yeye ndiye aliyefundisha siku nzima. Niliwaambia waandaaji waziwazi siku ya kuagana. Wakasema maoni yangu wameyapokea.

Kwa hiyo: mkitangaziwa tena, ulizeni kama inawezekana kulipia siku ya kwanza peke yake. Mimi mwezi ujao narudi Kimbiji, ila naenda moja kwa moja kwa Bibi, tumeshapatana bei. Ukili wangu umefika pima tatu, nimeuning'iniza kwenye msumari juu ya cherehani. Miyaa iliyobaki imekakamaa, nimeilaza nje usiku ipate umande kama alivyosema. Paka wa jirani amelala juu yake.