Dwarf Fortress: zimwi langu la mazoezi

Nimecheza Dwarf Fortress miezi minne sasa, hapa Ngamiani, Tanga, kila nikishafunga duka. Ni gemu ya ndugu wawili, Tarn na Zach Adams. Ilitoka mwaka 2006, ikaingia Steam, duka la mtandaoni la magemu, Desemba 2022 ikiwa na picha nzuri. Unaongoza vibete wachimbe mlima, wajenge ngome.

Kilichoniteka ni zimwi. Lilipanda kutoka mapangoni, nami nilikuwa nimetega mitego ya vizimba kwenye ujia mwembamba: kila mtego unataka kizimba kimoja na mtambo mmoja wa mawe. Likanasa! Nilipiga ukelele hadi mwanangu akaamka.

Nikaliweka kwenye chumba chenye mlango mmoja, kizimba nikakiunganisha na wenzo ambao ukivutwa kinafunguka, ili askari wangu wafanye mazoezi nalo. Mara ya kwanza niliharakisha kulifungulia. Askari hawakuwa na kofia za chuma, wawili wakafa, na mmoja alikuwa fundi seremala wangu bora. Iliniuma kwelikweli. Nikalinasa tena, nikasubiri hadi kila askari awe na ngao na deraya, ndipo nikamwagiza mtu avute wenzo. Siku hiyo walipigana kama watu wazima.

Kujifunza ni kugumu, wiki mbili za kwanza utapotea. Ngome ikijaa watu, kompyuta yangu inajikokota. Lakini pesa yangu haikupotea hata senti. Anayependa kufikiri kabla ya kutenda, ainunue. Ila askari wako wavishe kofia kwanza.