Siku moja Brú na Bóinne: uzoefu wangu wa ziara yenye msimuliaji

Nimekaa Dublin miaka mitatu kabla ya kufika Brú na Bóinne, bonde la mto Boyne lenye makaburi ya kale, na ni mwendo wa kama saa moja tu kwa basi. Mwezi Machi nikapata siku mbili za mapumziko kazini, nikakata tiketi ya ziara ya siku moja: euro 55, kwenda na kurudi, pamoja na kiingilio na msimuliaji wa hadithi. Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko huku, maana mgeni akija kutoka nyumbani sote tunampeleka kwenye majabali ya Moher, anapigwa na upepo, anapiga picha, basi. Ayalandi yenyewe hajaionja.

Nianze na lililoniudhi. Tuliambiwa tuwe kituoni saa mbili kamili asubuhi. Basi lilifika saa mbili na dakika 25, sisi tumesimama mvuani, wala hakuna aliyetupigia simu. Kampuni siitaji, lakini wenye ziara kama hizi wajue kwamba kuchelewa huko si jambo dogo. Tiketi za kuingia Brú na Bóinne zina saa yake maalumu, ukichelewa hakuna anayekungoja, kwa hiyo dereva alifukuzana na muda njia nzima, na dakika zilizopotea zikaja kukatwa kwenye kituo cha mwisho, Tara. Kipaza sauti nacho kilikuwa kikikwaruza. Msimuliaji mwenyewe alikizima, akasimama katikati ya viti, akaanza kusema kwa sauti yake.

Waayalandi humwita mtu kama yule seanchaí, hutamkwa shanakhii: mtu aliyebeba hadithi na habari za watu wa kale kichwani. Alikuwa mama wa makamo, hana kitabu wala karatasi. Hakutupa utangulizi. Alisema tu kwamba mto tunaouendea, Boyne, ni mwanamke, jina lake Boann. Palikuwa na kisima ambacho mumewe aliwakataza watu kukikaribia. Boann akaenda, akakizunguka kwa kuelekea kushoto, upande usio wa heri. Maji yakainuka, yakamvunja mguu, yakamvunja mkono, yakamtoboa jicho, akakimbia nayo yakimfuata mpaka baharini. Njia aliyokimbilia ndiyo mto.

Kisha akanyamaza. Tulipofika kituo cha wageni na kuvuka daraja la miguu, maji chini yetu yalikuwa ya rangi ya chai, yanakwenda kasi, na kila mtu aliinama ukingoni kuyatazama. Bila ile hadithi tungepita pale tukitazama simu zetu.

Ng'ambo ya daraja kuna mabasi madogo yanayokupeleka hadi Newgrange, kaburi la kale lililofunikwa kama kilima. Kilima kile kilijengwa na wakulima wa Zama za Mawe, watu wasio na chuma wala gurudumu, mnamo mwaka 3200 kabla ya Kristo. Piramidi kubwa ya Giza ilikuwa bado miaka mia kadhaa mbele. Kilima kina upana wa kama mita 85, kimezungushiwa mawe makubwa 97, na mbele ya mlango limelazwa jiwe lililochongwa mizunguko, mmoja ukizaa mwingine, kama mawimbi yaliyogandishwa. Ukuta mweupe wa mbele umepangwa upya na wachimbuzi katika miaka ya 1970, na si wataalamu wote wanaokubali kwamba ulisimama hivyo zamani. Mawe yenyewe ni ya kale kweli, na yaliletwa kutoka Wicklow, kusini ya Dublin.

Ndani unaongozwa na wafanyakazi wa hapo, kwa vikundi vidogo, na kamera hazifunguliwi. Ujia una urefu wa mita 19. Kuna mahali niliinama, mahali pengine nikapita ubavu, bega likikwaruza jiwe. Unafika kwenye chumba chenye umbo la msalaba, unainua kichwa, unaona mawe yamepangwa duara juu ya duara, kila moja likitokeza kidogo kuliko la chini yake, hadi kileleni kama mita sita juu. Hakuna saruji. Waliziba nyufa kwa mchanga wa bahari na udongo uliochomwa, wakachonga vijia vya kupitisha maji juu ya mawe ya paa. Kwa miaka zaidi ya 5,000, katika nchi ambayo mvua haina msimu, chumba hakijavuja. Nilipapasa ukuta kwa kiganja, ulikuwa mkavu.

Halafu mwongozaji akazima taa. Giza lile si la usiku, usiku una nyota. Mtoto mmoja akamshika mamake, nikasikia koti likisuguana. Polepole uzi wa mwanga ukaingia sakafuni, mwembamba kama kidole, ukatambaa ukitufuata. Ule wa kwetu ulikuwa wa taa ya umeme. Wa jua lenyewe huingia siku zile fupi kuliko zote za mwaka, karibu na 21 Desemba, muda mfupi kabla ya saa tatu asubuhi, kupitia uwazi ulioachwa makusudi juu ya mlango, na hukaa ndani dakika 17. Nilikuwa nimesoma haya kabla ya kwenda. Kusoma ni kitu kingine.

Msimuliaji alikuwa anatungoja nje, kwenye majani. Hapo ndipo pesa yangu iliporudi yote.

Alituambia kwamba zamani pale palikuwa pa mtu aitwaye Elcmar, mume wa Boann. Dagda, baba wa miungu, alimtamani Boann. Akamtuma Elcmar safarini, akamwondolea njia nzima njaa na kiu na giza la usiku, hivyo miezi tisa ikapita naye akidhani ni siku moja. Katika siku hiyo moja, mtoto Óengus alitungwa na akazaliwa. Yaani jua lilisimamishwa. Anasimulia hayo huku amesimama mlangoni pa nyumba iliyojengwa kulingojea jua siku linapoonekana kusimama. Hakuyaunganisha kwa maneno. Alitazama tu ule uwazi juu ya mlango, akaendelea.

Óengus alipokuwa kijana hakuwa na nchi. Akashauriwa na Dagda, akamwendea Elcmar siku ya Samhain, siku ya amani isiyo na silaha, akamwomba amwachie Brú, yaani nyumba ile ya Newgrange, mchana na usiku. Elcmar akakubali. Muda ulipokwisha alirudi kuchukua nyumba yake, Óengus akakataa kutoka: uliniachia mchana na usiku, na ulimwengu wote ni mchana na usiku, hakuna kingine. Dagda akaamua kwamba kijana ana haki.

Wenzangu kwenye ziara hawakuielewa. Msimuliaji akalazimika kueleza, dakika nzima, kwamba kwa Kiingereza huwezi kusema maneno hayo bila kuchagua: ama useme ni mchana mmoja na usiku mmoja, ama useme ni daima. Katika Kiayalandi cha kale huchagui. Maneno ni yale yale, na mtego umo humo.

Mimi nilikuwa nimeshacheka tangu mwanzo. Nilimwambia, mama, kwetu pia ni hivyo. Mtu akikuomba umwazime nyumba mchana na usiku, hujui ameomba siku moja au ameomba milele. Akaniomba niseme kwa Kiswahili. Nikasema, mchana na usiku. Akarudia mara tatu, taratibu, akaniuliza usiku ni lipi kati ya hayo mawili. Kisha akatuambia wote kwamba amesimulia hadithi hii miaka mingi na kila mara inambidi aivunje ili aieleze, na leo kuna mtu imemfikia nzima. Nimeishi nchi hii nikijiona mgeni kwa kila kitu. Pale kwenye majani nilijiona nimefika na mzigo wenye maana.

Aliongeza jambo moja ambalo silisahau. Profesa Michael J. O'Kelly, aliyechimba Newgrange kuanzia 1962 hadi 1975, alikuwa akisikia kwa wageni waliofika pale kwamba kuna mapokeo ya jua kuingia ndani ya kilima asubuhi moja ya mwaka. Tarehe 21 Desemba 1967 alikwenda akakaa chumbani peke yake gizani, na jua likaja. Maneno ya watu yalitangulia, kipimo kikafuata.

Tara tulipewa dakika 30, na ni dhuluma. Ni kilima cha wafalme, chenye jiwe la Lia Fáil ambalo inasimuliwa lililia likikanyagwa na mfalme wa haki. Nililifikia mbio, nikaligusa, honi ikapigwa. Tara haina kiingilio. Nitarudi mwenyewe na chakula changu.

Ukitaka kuendelea ukiwa nyumbani, fungua dúchas.ie, ni bure. Kati ya 1937 na 1939 watoto kutoka shule takribani 5,000 walitumwa kuwauliza wazee wao hadithi, tiba, mafumbo na habari za vijiji, wakaandika kwa mkono. Kurasa zinafika kama 740,000. Nasoma chache kila nikitoka kazini.

Kazini kwangu nawahudumia wazee. Yupo mmoja aliyekulia na Kiayalandi, nikamwambia nimesikia hadithi ya Óengus, nikaanza kumsimulia wakati wa chai ya saa kumi. Akaniinulia mkono. Hadithi za namna hiyo, akasema, hazisimuliwi jua likiwa juu. Na bibi yangu Tanga alikuwa akisema vivyo hivyo, kwamba tutaota pembe. Wiki iliyofuata nilikuwa zamu ya usiku. Nilipopita na dawa alikuwa macho ananingoja, akaianza mwenyewe, kwa lugha yake, na alipofika mahali pa lá agus oíche sikuhitaji tafsiri.

Nyota nne. Ya tano nimeiondoa kwa ajili ya mvua ya asubuhi na dakika 30 za Tara. Kateni tiketi mapema, hasa Julai na Agosti. Vaeni viatu visivyoteleza. Mwenye hofu ya mahali pembamba akae nje na msimuliaji, hatakosa kitu. Kuna bahati nasibu ya kuwa ndani ile asubuhi ya Desemba, maelfu huomba na wachache hupata. Jina langu nimeshaliandika.