TAHADHARI: Wakala anayeuza nafasi za "Saikolojia na Kriminolojia" Uingereza

Habari zenu ndugu. Naandika hii sasa kwa sababu watu wanajiandaa kwa muhula wa Septemba, na huo ndio msimu wa matapeli. Kuna wakala anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wanaotafuta vyuo nje, anauza nafasi za digrii ya pamoja ya Saikolojia na Kriminolojia Uingereza. Mimi amenipiga pauni 2,600. Simtaji jina maana majina anayotumia si yake, na chuo anachojifichia ni chuo halali kisicho na kosa, kwa hiyo nacho sikitaji. Naeleza anavyofanya kazi, ili ukikutana naye umtambue hata akiwa amebadilisha namba.

Alianza kwa kuniuliza kwa nini naitaka hiyo kozi. Hakuna wakala mwingine aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia ukweli: nimejitolea miaka miwili na watoto walioingia kwenye mkono wa sheria, na nimeona mtoto wa miaka 14 akihojiwa na watu wazima watatu bila mzazi, akikubali kila anachoambiwa ili aachwe alale. Nilitaka kuelewa kilichokuwa kichwani mwa yule mtoto, na pia mfumo uliomzunguka. Akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, kwa upole kabisa, akisema watu kama mimi ndio chuo kinawatafuta. Kuanzia hapo sikumhoji tena. Mtu akikusikiliza kwenye jambo lililo moyoni mwako, unaona aibu kumdai ushahidi.

Malipo ya kwanza yalikuwa pauni 150 za "kufungua faili". Siku kumi baadaye ikaja barua yenye nembo ya chuo: nimekubaliwa bila masharti, nilipe pauni 2,000 za awali ndani ya saa 48, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Akaunti ilikuwa ya mtu binafsi. Akasema ni ya mhasibu wa kitengo cha wanafunzi wa kimataifa, eti akaunti ya chuo inachelewa kupokea fedha kutoka nje. Nikalipa. Kisha akataka pauni 450 za "cheti cha CAS", yaani uthibitisho wa chuo unaohitajika kuombea viza, nacho kikaja, PDF yenye mhuri wa bluu na sahihi.

Nilikuja kushtuka kwa bahati tu. Niliandikia chuo moja kwa moja, kwa anwani iliyoko kwenye tovuti yao, kuulizia mabweni. Jibu lilikuja kesho yake, mistari miwili: hawana ombi lolote kwa jina langu, na namba iliyo kwenye barua yangu haifanani na namba zao.

Nikarudi kuisoma ile barua upya. Anwani ya barua pepe aliyokuwa akinitumia ilikuwa na jina la chuo halafu "-ac-uk.org". Ukisoma haraka unaona "ac" na "uk", unaridhika. Anwani za vyuo vikuu vya Uingereza kwa kawaida huishia na .ac.uk, kwa nukta, na hakuna kitu baada yake. Mwisho huo haununuliwi na kila mtu mwenye kadi ya benki; hutolewa kwa taasisi za elimu na utafiti. Angalia herufi za mwisho kabisa za anwani, siyo za katikati.

Hiyo CAS nayo wengi hatuielewi, ndiyo maana wanatuuzia. CAS ni rekodi ya kielektroniki ambayo chuo huiweka kwenye mfumo wa serikali ya Uingereza, na wewe unapewa namba yake yenye jumla ya herufi na tarakimu 14 ili uombe viza. Chuo kinaweza kukutumia muhtasari wa maelezo yake kwa barua pepe, lakini si cheti cha mhuri kinachouzwa na mtu wa kati. Ya kwangu ilikuwa na tarakimu kumi tupu. Halafu ni chuo chenye leseni ya kudhamini wanafunzi tu kinachoweza kuitoa, na orodha ya vyuo hivyo iko wazi bure kwenye tovuti ya serikali, gov.uk.

Kuhusu ombi lenyewe: digrii ya kwanza kule kwa kawaida huombwa kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya Uingereza. Vipo vyuo vinavyopokea maombi ya wanafunzi wa kimataifa moja kwa moja, hilo si kosa. Lakini ada ya UCAS ni kama pauni 30, na unachagua hadi kozi tano. Hata wakala akikujazia fomu, unapata namba yako mwenyewe na unaingia kuona ombi limefika wapi. Kila nilipoomba kuingia, huyu alikuwa akinijibu "mfumo uko kwenye matengenezo". Na wakala wa kweli hulipwa kamisheni na chuo mwanafunzi akishajisajili, kwa hiyo anayekudai mamia ya pauni kabla ya chochote, muulize analipwa na nani.

Lakini kilichoniuma zaidi ni ile orodha ya masomo aliyonitumia, kwa sababu ningeweza kumkamata pale pale. Ilikuwa imejaa vitu vya kuvutia: akili za wauaji wa mfululizo, kuchora wasifu wa mhalifu, kusoma uongo usoni. Takwimu hazikuwemo. Mbinu za utafiti hazikuwemo. Ubongo na tabia, ukuaji wa mtoto, kumbukumbu, hakuna. Digrii ya saikolojia inayotambulika huko ina takwimu na mbinu za utafiti tangu mwanzo, na mwishoni unafanya mradi wako wa utafiti. Upande wa kriminolojia nao una nadharia za uhalifu, polisi, magereza, haki ya watoto, wahanga. Ukiona orodha isiyo na somo hata moja linalochosha, ujue imetungwa kukuuzia ndoto.

Tena aliniahidi kwamba baada ya miaka mitatu nitakuwa mwanasaikolojia aliyesajiliwa wa masuala ya jinai. Huo ni uongo. Kule jina la kazi hiyo linalindwa na sheria, na lazima uwe kwenye rejista ya HCPC, chombo kinachosajili wataalamu wa afya. Digrii ya kwanza ni mlango tu: unahitaji iliyoidhinishwa na BPS, yaani chama cha wanasaikolojia wa Uingereza, na umalize angalau na daraja la pili la chini. Baada ya hapo kuna shahada ya uzamili iliyoidhinishwa, halafu mafunzo ya kazini chini ya msimamizi, au njia ya udaktari.

Hapa naomba hata wenye mawakala halali wasome vizuri. Si kila kozi ya pamoja ina idhini ya BPS. Unaweza kukuta chuo kimoja kina "Saikolojia na Kriminolojia" yenye idhini, na nyingine ambayo kriminolojia ndiyo kubwa na saikolojia ni kidogo, haina idhini. Majina yanafanana sana. Wakala anayetaka kamisheni yake hatakwambia, na wewe utagundua mwaka wa tatu kwamba ili uendelee na saikolojia lazima usome kozi nyingine ya kubadili fani na kulipa ada upya. Ingia kwenye tovuti ya BPS, tafuta kozi kwa jina lake kamili na mwaka unaoanza. Ni kazi ya dakika chache na ni bure. Kama mlengo wako ni kriminolojia, haina shida, lakini uamue ukijua.

Mimi nilishtuka kabla sijaomba viza, na hilo namshukuru Mungu. Kutumia nyaraka za kughushi kwenye ombi la viza la Uingereza kunaweza kukufungia mlango kwa miaka 10, na kumweleza afisa kwamba wewe nawe ulidanganywa ni mzigo wako. Kama una barua kutoka kwa mtu wa aina hii, usiiwasilishe popote mpaka chuo chenyewe kithibitishe. Nimeripoti benki na polisi, na chuo nimekitumia nakala za zile barua. Nilipoandika habari hii kwenye grupu moja, ndani ya saa moja alinifuata mtu akisema anaweza kunirudishia pesa zangu kwa malipo kidogo ya awali. Huyo naye tapeli, msimjibu.

Na ukishamgundua, usimwambie. Mimi kwa hasira nilimtumia skrinishoti ya jibu la chuo. Zikatokea tiki mbili za bluu, kisha meseji zake za siku ile na za jana yake zikaanza kufutika moja moja nikiwa naangalia, pamoja na ile yenye namba ya akaunti niliyolipia zile pauni 450. Piga picha za kila kitu kwanza.