Kipanga ratiba cha Laravel: chepesi na cha kutegemewa, ila kagua kufuli zake

Kwa programu ya wavuti yenye kazi za kujirudia, mfano kutuma ankara au kufuta faili za muda, kipanga ratiba kinachokuja na Laravel (mfumo wa kuundia programu za wavuti kwa PHP) ni chepesi mno kukianzisha. Seva inahitaji mstari mmoja tu wa cron, programu inayoendesha amri kwa muda uliopangwa:

* * * * * cd /njia/ya/mradi && php artisan schedule:run >> /dev/null 2>&1

Baada ya hapo crontab, yaani orodha ya mistari ya cron, huigusi tena. Ratiba yote inakaa ndani ya msimbo, kwenye routes/console.php tangu toleo la 11, kwa hiyo inapita Git (kifaa cha kutunza historia ya msimbo) na kukaguliwa na wenzako. Hilo pekee latosha kuachana na crontab yenye mistari isiyojulikana nani aliiweka. Amri ya schedule:list inaonyesha kila kazi na lini itaendeshwa tena.

Shida huanza kazi inapozidi muda wa mzunguko wake. Kazi ya everyFiveMinutes(), yaani ya kila dakika tano, ikichukua dakika saba, nyingine inaanza kabla ya kwanza haijaisha, na mteja anapata barua pepe ileile mara mbili. Dawa ni withoutOverlapping(), inayoweka kufuli kwenye kache (hifadhi ya muda ya programu), yaani alama ya kuzuia kazi hiyo isianze tena kabla haijaisha. Hapa ndipo wengi huumia: usipotaja muda, kufuli hilo linadumu dakika 1440, yaani saa 24. Seva ikizimika ghafla katikati ya kazi, hakuna wa kulifungua, na kazi inarukwa kimya kimya hadi kesho yake bila kosa lolote kwenye logi. Kwa kazi ya dakika saba, andika withoutOverlapping(15). Usishuke chini ya muda halisi wa kazi, maana kufuli likiisha mapema umerudi kulekule. Ukishakwama, schedule:clear-cache inaliondoa.

Kama seva ni zaidi ya moja, ongeza onOneServer(), ili kazi iendeshwe na seva moja tu. Inataka kache ya pamoja kama Redis, Memcached au hifadhidata. Kache ya faili iliyo ndani ya kila seva haisaidii kitu. Saa za seva nazo zilingane.

Kazi zinazoangukia dakika moja huendeshwa kwa zamu, kwa mpangilio zilivyoandikwa, kwa hiyo kazi nzito ya kwanza inazichelewesha zote zilizo nyuma yake. runInBackground(), inayoendesha kazi bila kuzizuia nyingine, inasaidia, lakini kwa kazi nzito foleni ni bora zaidi: ratiba inatupia kazi kwenye foleni na kumaliza papo hapo, kisha wafanyakazi wa foleni (programu zinazoendeshwa pembeni) wanaibeba. Angalia tu kwamba hapo withoutOverlapping() ya ratiba inalinda ule utupaji tu, si kazi yenyewe. Kinga ihamie kwenye kazi, kwa ShouldBeUnique (inayozuia nakala ya pili ya kazi hiyo kuingia kwenye foleni) au kwa middleware ya WithoutOverlapping, msimbo unaopitiwa kabla ya kazi kuendeshwa.

Majira ya saa yaache UTC. Kwenye maeneo yanayobadili saa kwa msimu, kazi ya saa nane usiku inaweza kuendeshwa mara mbili au isiendeshwe kabisa.

Udhaifu mkubwa ni ufuatiliaji. emailOutputOnFailure() inakujulisha kazi ikishindwa, lakini cron yenyewe ikifa hakuna kitakachobaki cha kupiga kelele. Weka pingOnSuccess(), inayotuma ombi kwenye anwani ya wavuti kila kazi inapofaulu, kwenye kila kazi muhimu, ielekee huduma ya nje inayotoa tahadhari pale ombi hilo linapokosekana.