Duka la mihuri la Tsuruhashi, Osaka: mzee aliniuliza jina langu ni lipi

Hii ni kwa Waswahili wenzangu mlioko Osaka na miji ya jirani, hasa mnaotaka kununua gari. Ukinunua gari la kawaida hapa Japani, siyo yale madogo ya kei, muuzaji atakudai muhuri uliosajiliwa, wenyewe wanauita jitsuin, pamoja na cheti chake kutoka ofisi ya kata. Mihuri ya namna nyingi imeanza kuondolewa tangu serikali ilipoamua mwaka 2020 kupunguza matumizi yake maofisini, lakini huu bado upo. Mimi niliuchongesha kwenye duka dogo karibu na kituo cha Tsuruhashi. Duka hilo nalipatia nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia nitaieleza.

Ukishuka Tsuruhashi, harufu ya nyama ya kuchoma inakupokea ungali juu kwenye jukwaa la treni. Shuka, pita soko la Wakorea lenye kimchi na vitambaa vya hariri, uingie uchochoro wa pili nyuma yake. Kibao kimeandikwa kwa hiragana, herufi za silabi za Kijapani, neno moja tu, Hanko, yaani muhuri. Ndani ni chumba kimoja, meza moja, taa moja ya kuinamisha, na mzee aliyepita miaka sabini ambaye kazi hii aliirithi kwa baba yake.

Mlangoni kuna rafu ya duara inayozunguka, ina mihuri iliyokwisha kuchongwa: Sato, Suzuki, Takahashi, Tanaka. Mwenyeji anazungusha, anachomoa jina lake, analipa, anaondoka. Mimi niliizungusha yote. Nilijua simo, ila macho yalitafuta hivyo hivyo.

Hapo ndipo penye jambo langu. Sisi wengi wetu hatuna jina la ukoo kama wanavyolielewa wao. Mimi ni Rehema, baba yangu Juma, babu yangu Hamisi. Kwenye pasipoti jina la mwisho likaingia kwenye nafasi ya ukoo, na tangu nifike Japani ninaitwa Hamisi-san. Kazini Hamisi-san, posta Hamisi-san, hospitalini Hamisi-sama (“-san” na “-sama” ni vya heshima). Wiki za mwanzo waliniita nami nimekaa tu, kwa sababu Hamisi ninayemjua alikuwa mvuvi wa Pangani na alishafariki. Kusikia jina la babu likitajwa kwenye chumba cha kusubiria, halafu nikumbuke kwamba anayetakiwa kusimama ni mimi, kulinishtua kwa muda mrefu.

Kwa Wajapani jina la ukoo ndilo sura unayotoka nayo nje. Mtu unaweza kufanya naye kazi miaka kumi usilijue jina lake la kwanza. Lakini si jambo la tangu enzi na enzi: watu wa kawaida walilazimishwa na serikali kuwa na jina la ukoo mwaka 1875, wengi wakachagua la mlima, la shamba, la mto uliokuwa jirani. Na ukioana na mtu hapa, kifungu cha 750 cha sheria ya kiraia kinawataka wanandoa Wajapani wachague jina moja. Sheria haisemi liwe la mume, ila karibu wanawake 95 kati ya 100 ndio wanaoacha la kwao.

Sasa mzee akaniuliza, kalamu mkononi: nichonge la ukoo au lako mwenyewe? Akanieleza kwamba wanawake wengi huchonga jina la kwanza kwenye jitsuin, maana la ukoo litabadilika wakiolewa na muhuri utakuwa hauna kazi. Nikamwambia kwetu mke habadilishi. Hata nikiolewa nitabaki Rehema Juma Hamisi mpaka kaburini. Aliiweka kalamu chini. Akasema, kama ni hivyo, babu yako hakuachi. Nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu. Nikamwambia achonge Rehema. Miaka yote hiyo hakuna ofisi iliyoniita hivyo, na nilitaka iwepo karatasi moja yenye nguvu ya sheria inayonitambua kwa jina nililopewa na mama yangu.

Zingatieni hili kabla ya kwenda. Kadi yetu ya ukaazi ina herufi za Kilatini. Ukitaka muhuri wa katakana, yaani herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, kwanza nenda ofisi ya kata wakuandikie katakana ya jina lako kwenye rejista ya wakaazi, kisha ndipo uchonge, na herufi zifanane kabisa. Mimi nilitangulia huko kwa sababu mzee alinirudisha siku ya kwanza bila kupokea senti yangu. Mwingine angechonga, akachukua hela, ofisini nikakataliwa.

Jina lenyewe lilimfurahisha. Re, he, ma: herufi tatu, hakuna iliyoongezwa wala kukatwa. Silabi zetu huishia kwa irabu kama zao, ndiyo maana majina yetu mengi huingia kwenye katakana bila kuumia, wakati Smith huku anakuwa Sumisu. Wenye Mwanaidi na Mwajuma mtapata herufi moja zaidi, kwa kuwa “mwa” lazima ivunjwe iwe “mu-wa”.

Kuhusu ukubwa, aliniletea kijiti cha milimita 15. Nikauliza vile vinene ni vya nani. Ni vya wanaume, milimita 18; wanawake hupewa vyembamba. Sheria? Hapana, dasturi tu. Ofisi inachotaka ni alama ya muhuri izidi mraba wa milimita 8 na isizidi wa milimita 25, na muhuri usiwe wa mpira. Nikachukua 16.5. Hakubishana wala hakucheka, aliandika kipimo akaendelea. Kwa hilo pekee ningempa nyota mbili.

Kazi yake inastahili kutazamwa. Anapaka wino mwekundu kwenye uso wa kijiti, anaandika herufi kinyume kwa brashi, kama zinavyoonekana kwenye kioo, kisha anabana kijiti kwenye kishikizo cha mbao na kuanza kuchonga kwa patasi nyembamba. Mti ni tsuge, mgumu, wa rangi ya manjano, nyuzi zake zimebana. Nilimuuliza mbona haukuchimbwa kishimo ubavuni, kile ambacho mihuri ya kila siku huwa nacho ili kidole kijue upande wa juu. Akasema jitsuin hauwekewi kishimo makusudi: kabla hujaugonga unapaswa kusimama, kuugeuza, kuutazama na kufikiri kama kweli unataka kulifunga neno hilo.

Tukawa tunaongea. Darasani nilifundishwa neno moja la “mimi”, watashi, nikadhani limetosha. Mzee huyu anajiita washi, kama wazee. Mkewe, aliyeleta chai, anajiita uchi, kama wanawake wengi wa upande huu wa Kansai. Neno hilo hilo maana yake pia ni nyumbani, watu wa ndani. (Kwetu lina maana nyingine kabisa, mara ya kwanza kulisikia nilishtuka.) Halafu mzee akaniuliza, “Jibun wa?” Jibun ni “nafsi yangu” kwenye vitabu, ila Osaka mtu anaweza kukuita wewe hivyo. Nafsi inayoulizwa ni ya nani, inategemea nani anasema na mko wapi. Siku ile nilijiita uchi kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Mke wa mzee aliitikia kwa kichwa kama aliyesikia kitu cha kawaida, akanimiminia chai nyingine.

Mtaa wenyewe unayajua mambo haya kuliko mimi. Kata ya Ikuno, zaidi ya mkaazi mmoja kati ya watano ni mgeni kisheria, na wengi ni Wakorea wa kizazi cha tatu na cha nne, ambao wazee wao walitoka hasa kisiwa cha Jeju. Mwaka 1940 utawala wa Japani ulipokuwa Korea uliwasukuma watu kuchukua majina ya Kijapani. Mpaka leo wako wanaoishi na mawili, la kwao na lile la kuombea kazi, na sheria inaruhusu kulisajili hilo la pili. Mzee amewachongea baadhi yao yote mawili, baba kwa la Kijapani, binti kwa la Kikorea. Hata eneo lilikuwa na jina lake, Ikaino, likafutwa kwenye anwani mwaka 1973. Nami aliniambia nikitaka anaweza kunitafutia kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, kwa mfano ile inayosomwa Megumi, yenye maana karibu sawa na rehema. Ni nzuri mno. Nilikataa, na baada ya kusikia habari za Ikuno sikujuta.

Nyota niliyoizuia ni ya kabati la kioo. Ndani yake kuna mihuri minne ya pembe za ndovu. Kisheria anaweza kuiuza: biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliopendekeza, lakini ya ndani ya Japani bado inaruhusiwa kwa shehena ya zamani. Nilimweleza kwamba hifadhi ya Selous kwetu Tanzania, iliyokuwa na tembo zaidi ya laki moja miaka ya 1970, mwaka 2013 walihesabiwa 13,000 hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ni shehena ya baba yake. Naamini. Ila sitaki kuona jina la mtu likikaa juu ya jino la mnyama wa kwetu, na nilimwambia hivyo kwa heshima.

Mengineyo kwa ufupi: yeni 12,000 kwa kuchonga kwa mkono, pesa taslimu tu. Siku saba. Kiingereza hakuna, nenda na rafiki kama Kijapani chako ni kichanga.

Muhuri ulipita ofisini bila swali, na gari nimelipata. Wiki iliyopita nilirudi kuagiza mwingine, mdogo, wa kupokelea vifurushi na kugonga karatasi za kazini. Huu nimetaka uandikwe Hamisi. Mzee aliuliza maana yake, nikamwambia babu alizaliwa Alhamisi. Kwa Kijapani siku hiyo ni mokuyobi, siku ya mti. Alikitazama kijiti cha tsuge alichokuwa amekishika, akafungua kalenda ya ukutani, akaniandikia tarehe ya kuuchukua. Ni Alhamisi.