Nyama ya soya ya Darajani na vitafunio kwa sie tusokula nyama: kipi ununue kipi uache

Jamani nyama ya soya inasingiziwa sana hapa Unguja. Kila mtu anakwambia ina harufu, haina ladha, chakula cha mgonjwa, ukimuuliza kaipikaje unasikia kaitia kavu vile vile kwenye mchuzi akasubiri iive. Mie sili nyama wala samaki muda mrefu sasa na hii ndo kitu cha mwanzo nnachoangalia nkenda sokoni Darajani, kwa hiyo naandika nnavyoiona kwa wale walokatazwa nyama nyekundu na daktari au wanaotaka tu kupunguza.

Ile ni unga wa soya uloshatolewa mafuta, unabanwa kwenye mashine yenye moto mkali unatoka vile vidonge vyenye vitundu. Ikiwa kavu karibu nusu ya uzito wake ni protini, gramu 50 hivi kwa kila gramu 100, na mafuta yake kidogo sana. Ila hizo ni hesabu za kavu, ukishairowesha inanywa maji mpaka uzito unafika kama mara tatu, kwa hiyo usione sahani imejaa ukadhani zote ni protini. Hata hivyo pakiti ya gramu 200 inalisha nyumba nzima, na kwa pesa ile buchani hutoki na kitu cha maana.

Sasa hiyo harufu. Chemsha maji na chumvi, itie soya dakika kumi, mwaga, suuza kwa maji baridi halafu kamua kwa mikono, suuza tena kamua tena mpaka maji yatoke meupe yasiwe na povu. Hapa ndo watu wanapovivia, na hapa ndo mchuzi unapoharibika, mana vile vitundu vinafyonza kama sponji na ukiviacha vimejaa maji ya soya hakuna kiungo kitakachoingia humo ndani. Ukishakamua ipake ndimu, thomu, tangawizi, uzile na chumvi iache ikae, kisha ikaange mpaka ikamate rangi ndo utie tungule na tui. Kwenye tui la nazi inakubali vizuri sana, wageni wanakula wanaomba tena. Pilau mie sipikii kabisa, utamu wa pilau unatoka kwenye supu ya nyama na soya haina supu ya kutoa, bora pilau ya mbaazi au ya mbatata tu. Mishkaki inawezekana kwa vile vipande vikubwa ila ipake mafuta kila ukigeuza inakauka upesi ikawa ngumu.

Ile ilosagwa ndo naipenda zaidi kuliko zote. Kaanga na vitunguu vingi, kotmiri, pilipili mbichi, ndimu, jaza kwenye manda, sambusa inatoka safi na mtu hajui mpaka umwambie (mwambieni lakini, wapo wenye aleji ya soya).

Soseji na baga za mboga za kugandishwa zinazokuja kutoka nje, sinunui tena. Bei juu mno, ladha ni unga na chumvi, na nyengine ukisoma nyuma ya pakiti unakuta ute wa yai, kwa asokula mayai hiyo haifai. Na kwa umeme wetu huu hujui imeyeyuka mara ngapi kabla hujaibeba wewe.

Badala yake tafuteni fenesi bichi, lile changa ambalo kokwa hazijakomaa. Paka mafuta mikono na kisu kwa ajili ya ulimbo, chemsha, lichambue, linachanika nyuzi nyuzi kama nyama hasa, likaange na viungo vya biriani. Protini yake ndogo, kama gramu 2 tu kwa 100, kwa hiyo ulile na maharage au choroko pembeni, lakini kwa mdomo linaishinda soya mbali.

Kwenye vitafunio sie hatuna shida ya kusaka vya nje. Badia za kunde zikiwa za moto na chatne ya nazi, hakuna kitafunio cha pakiti kinachozifikia, na kunde ni protini ya kweli. Kachori ni mbatata tupu, ila katlesi mara nyingi ndani mna kima, msichanganye, uliza kabla hujatia mdomoni. Urojo wenyewe ni unga, manjano na embe mbichi au ndimu, mwambie muuzaji asitie mishkaki wala yai na akuzidishie bajia na krispi za muhogo, wengi hawakatai. La kuangalia ni karai, wapo wanaokaangia samaki na kachori mafuta yale yale, kwa hiyo mie nanunua kwa anaekaanga vya mboga peke yake japo foleni yake ndefu. Chauro, kashata za ufuta, njugu, korosho, hivyo beba tu. Krispi na tambi za pakiti zilizoandikwa kuku au ng'ombe geuza usome kwanza, nyengine ule unga wake una nyama kweli.

Jambo moja msilipuuze, vitamini B12 haimo kwenye soya wala kunde wala fenesi. Kama unakunywa maziwa na unakula mayai unaipata, kama huli hata hivyo ulizia vidonge famasi.

Na nyie wa Pemba, kama kuna duka Chake Chake au Wete linaloleta hii soya ya kusaga andikeni hapa chini na bei yake, dada yangu mpaka leo namtumia kwa boti.